Mlango wa London, Mlango wa York

Ukiingia The George mjini Stamford, Lincolnshire, utakuta milango miwili inatazamana. Juu ya mmoja pameandikwa London, juu ya mwingine York. Tulidhani ni majina ya vyumba tu, kumbe ni ya safari. Hapa abiria walisubiri magari ya farasi: wa kusini akae huku, wa kaskazini kule, mtu asije akapanda gari lisilo lake.

Stamford ni mji wa soko uliokuwa kwenye Barabara Kuu ya Kaskazini, itokayo London kwenda Edinburgh. Hoteli yenyewe husema zamani ilipokea magari 40 kwa siku, 20 ya kwenda na 20 ya kurudi. Kwa msafiri wa Mombasa na Nairobi, hapa palikuwa Mtito Andei: ule upesi, dereva hangoji. Farasi hawakuweza kukimbia safari nzima, kwa hiyo walibadilishwa kila baada ya maili 10 hivi. Gari likifika, watunza farasi waliwafungua waliochoka na kuwafunga wapya kwa dakika chache tu. Mwaka 1706 tangazo la York liliahidi kufika London kwa siku 4. Kufikia miaka ya 1830 safari hiyo ilikuwa saa 20 na ushei.

Nje, boriti yenye jina la hoteli imevuka barabara nzima. Huitwa mti wa kunyongea: karibu kwa msafiri mwema, onyo kwa mnyang'anyi. Ndani kuna picha ya Daniel Lambert, aliyefariki mjini humu mwaka 1809 akiwa na kilo 335 hivi. Alifia nyumba nyingine ya wageni, lakini picha imepata makao hapa.

Kisha ikaja reli. Njia kuu ya kaskazini ilipitia Peterborough na Grantham, ikaiacha Stamford pembeni. Magari ya farasi yakakoma, watunza farasi wakakosa kazi, na majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wowote. Mwaka 1960 barabara ya A1 nayo ikazungushwa nje ya mji. Husemwa kwamba kusahauliwa huko ndiko kulikoziponya nyumba za mawe zisibomolewe. Tunakubali, ila hiyo ni bahati ya majengo.

Chumba cha York sasa ni baa. Bei ya kulala si ya mwanafunzi, basi tulikunywa chai tukaondoka. Kurudi London, tulibadilisha treni Peterborough.