Unahamia ng'ambo na watoto? Anza na darasa kabla ya tiketi

Mwaka ukikaribia kwisha, hapa Ganjoni hukosi nyumba moja au mbili zinazouza sofa, friji na vitanda vya watoto. Jirani amepata kazi Dubai, Doha, Muscat au Uingereza, na safari hii hatoki peke yake, anachukua mke na watoto. Tunampa hongera, tunamuombea dua, tunamsindikiza uwanja wa ndege. Miezi mitatu baadaye simu inaingia: mtoto bado yuko nyumbani anatazama simu. Shule zimejaa, au karatasi zina kasoro, au amewekwa darasa ambalo halielewi.

Mara nyingi chanzo ni kimoja. Mzazi amepanga safari kwa kufuata tarehe ya kuripoti kazini, na masomo ya mtoto yakaachwa yapangwe huko mbele. Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia kabla hujakata tiketi.

Viza yako inabeba watoto?

Kupata kazi si sawa na kupata ruhusa ya familia. Kule Imarati, mfanyakazi anayetaka kudhamini mke na watoto anatakiwa awe na mshahara usiopungua dirham 4,000 kwa mwezi, au dirham 3,000 ikiwa mwajiri anampa nyumba. Hicho ni kima cha kuruhusiwa tu. Kuishi na kusomesha ni hesabu nyingine.

Uingereza nayo imekaza. Tangu Machi 11, 2024, anayekwenda kwa viza ya uhudumu wa wazee na wagonjwa haruhusiwi kufuatana na mke, mume wala watoto, na Julai 22, 2025 mlango wa kuajiri wahudumu hao kutoka nje ulifungwa. Wanafunzi wa chuo wanaoanza masomo tangu Januari 2024 pia hawawezi kwenda na familia, isipokuwa wachache, hasa wa shahada za utafiti. Wauguzi waliosajiliwa bado wanaweza. Kwa hivyo wakala akikwambia "watoto watakufuata baadaye", muulize ni kwa viza gani, akuonyeshe maandishi.

Januari yetu si Januari yao

Sisi mwaka wa shule unaanza Januari na kwisha kabla ya Desemba. Uingereza na shule nyingi za kimataifa za Ghuba huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, zikamaliza Juni au Julai. Shule za mtaala wa Kihindi, ambazo ni nyingi Dubai na Muscat, huanza Aprili.

Mtoto anayeondoka Mombasa Desemba baada ya kufunga Gredi ya 5 huwakuta wenzake katikati ya mwaka, nafasi zimejaa na vitabu vimeshafika nusu. Ndiyo maana Agosti, baada ya muhula wetu wa pili, huwa ni wakati mzuri zaidi wa kuhama, ingawa kwa macho yetu mtoto anaonekana ameacha mwaka bila kuumaliza. Ikiwa kazi ya mzazi inaanza Januari, ni afadhali mmoja atangulie, atafute nyumba na shule, wengine wafuate Agosti.

Pia usishtuke kwa majina ya madarasa. Kwetu mtoto wa miaka 6 yuko Gredi ya 1. Waingereza huanza mapema, na Mwaka wa 1 wao ni mtoto wa miaka 5 kwenda 6. Mwanao wa miaka 10 aliye Gredi ya 5 hapa anaweza kuwekwa Mwaka wa 6 kule. Hajarushwa darasa, wamefuata umri wake tu.

Umri wa hatari

Mtoto wa miaka 7 au 8 akipelekwa popote hupata marafiki na lugha haraka. Shida kubwa iko kwa wa miaka 14 hadi 16. Uingereza, mtihani wa GCSE hufanywa mwisho wa Mwaka wa 11, mtoto akiwa na miaka 16, na maandalizi yake kwa kawaida huchukua miaka miwili. Kijana wa miaka 15 anayeingia Januari ya mwaka huo wa mwisho anakutana na mtihani Mei, kwa mambo ambayo mengine hajawahi kufundishwa.

Hapa kwetu pia umri huo ni wa njia panda. Mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9, uliofanywa mara ya kwanza 2025, ndio unaoamua mtoto ataingia sekondari gani na kusoma mkondo upi kuanzia Gredi ya 10. Ukimtoa Agosti ya Gredi ya 9, anaukosa. Kama kuna uwezekano wa kurudi nyumbani ndani ya mwaka mmoja au miwili, bora aufanye kwanza. Kijana wa umri huu aulizwe pia rai yake. Anajua anachoacha.

Karo

Shule za serikali za Imarati kimsingi ni za raia, hivyo wageni wengi hulipia shule za kibinafsi. Zile za mtaala wa Kihindi kwa kawaida huwa nafuu kuliko za Kiingereza. Kwa Dubai, mamlaka ya elimu inayoitwa KHDA huchapisha ada za kila shule kwenye tovuti yake, kwa hivyo unaweza kupiga hesabu ukiwa hapa. Muulize mwajiri kama posho ya karo imo kwenye mkataba, na ni ya watoto wangapi. Ahadi ya mdomo haitakulipia muhula.

Uingereza shule za serikali ni bure, lakini huchagui utakavyo. Unaomba kwa halmashauri ya mtaa au kwa shule yenyewe, na ya karibu ikijaa mtoto hupelekwa ya mbali.

Karatasi

Paspoti za watoto huombwa kupitia eCitizen, kisha mnafika na mtoto ofisi za uhamiaji jengo la Uhuru na Kazi, Mama Ngina Drive, ambako sisi wa Ganjoni tunakwenda kwa miguu. Beba cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na idhini yao. Hakikisha jina la mtoto limeandikwa namna moja kwenye kila karatasi. "Mohamed" na "Muhammad" kwako ni mtu mmoja, kwa karani wa ubalozi ni watu wawili.

Shuleni chukua ripoti za miaka miwili au mitatu, barua ya kuhama, na nambari ya mtoto ya tathmini ya KNEC. Usisahau kitabu cha kliniki. Ujerumani, kwa mfano, tangu Machi 2020 sheria inadai ushahidi wa chanjo ya surua kabla mtoto hajaingia shule. Kwa Imarati, vyeti hupigwa muhuri na Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wao. Anza miezi kadhaa mapema.

Lugha, na siku ya kurudi

Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilihama Zanzibar na pwani yetu kwenda huko. Oman nzima wakati huo ilikuwa na shule tatu na wanafunzi 900 hivi, wote wavulana. Watoto wengi walifika wakijua Kiswahili kuliko Kiarabu, wakalazimika kujifunza upya. Lakini nyumbani waliendelea kuzungumza Kiswahili, na mpaka leo ukienda Muscat utakisikia.

Wazazi wa leo wengi hufanya kinyume, wanamnyamazishia mtoto Kiswahili ili Kiingereza kikae. Kisha mkataba unakwisha, familia inarudi, na Kiswahili ni somo la lazima hapa kuanzia msingi hadi sekondari. Mtoto aliyekaa nje miaka mitano bila kuandika insha moja atateseka. Shule za mtaala wa Kiingereza zipo Mombasa, ila karo yake si ya kila mtu.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa hivyo mtafutie mtoto vitabu vya Kiswahili vya gredi yake, aandike ukurasa mmoja kila wiki, na ampigie bibi yake simu wazungumze. Weka ripoti zote za kule pamoja na zile za hapa. Siku mtakayorudi Ganjoni, mwalimu mkuu ataziuliza kabla hajauliza mlikuwa nchi gani.