Seva ya Akiba Katika Kituo cha Kompyuta: Diski Iwe Kubwa Kiasi Gani?

Kompyuta 20 zikipakua programu ile ile asubuhi moja, intaneti ya kituo hulemewa, na mkazi aliyekuja kujaza fomu ya KRA hubaki akitazama skrini. Seva ya proksi hupunguza msongamano huo. Nakala ya kwanza huwekwa kwenye diski, na kompyuta nyingine huichukua papo hapo.

Ukubwa wa diski hupatikana kwa hesabu. Laini ya megabiti 4 kwa sekunde hupitisha takriban gigabaiti 1.8 kwa saa. Ikitumika kikamilifu saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, jumla ni gigabaiti 72. Hicho ni kiwango cha juu mno, kwani tovuti nyingi siku hizi, zikiwemo eCitizen na za benki, husafirisha data kwa siri na seva haiweki nakala zake. Ni vyema hivyo.

Kinachosahaulika mara nyingi ni RAM. Programu ya Squid huhitaji takriban megabaiti 14 za RAM kwa kila gigabaiti ya akiba, kwa hivyo gigabaiti 72 humeza karibu gigabaiti 1. RAM ikipungua, seva yenyewe ndiyo huchelewesha watu.

Akiba isipewe diski yote. Asilimia 20 hivi iachwe wazi, na faili za kurekodi matumizi zifutwe mara kwa mara. Faili hizo hukua kimyakimya. Diski ikijaa, Squid inaweza kusimama na kituo kizima kikakosa intaneti.