Gundrada alikuwa binti wa nani?

Ukitaka kumfuatilia kabaila wa Kinormandi wa karne ya 11, anza na mashamba kabla ya nasaba. Nasaba nyingi ziliandikwa na watu waliokuwa na sababu ya kuzipamba. Shamba lilikuwa na kodi yake na mwenyewe, na aliyekuja kulihesabu hakujali sana fahari ya babu yako.

William de Warenne anafaa kuwa mfano. Jina lake lilitaja mahali tu, kando ya mto Varenne kusini mwa Dieppe. Alikuwa mtoto mdogo wa familia, urithi ukaenda kwa kaka yake. Mwaka 1054, baada ya vita vya Mortemer, Roger de Mortemer alimwachia adui atoroke. Duke William wa Normandy akamfukuza na kumpa Warenne ngome ya Mortemer. Kijana asiye na fungu akapata pa kusimamia.

Alipigana Hastings mwaka 1066, katika vita ambavyo Duke William alimshinda Mfalme Harold wa Uingereza na kuja kuwa mfalme, William Mshindi. Kitabu cha Domesday, rejista ya ardhi iliyoandaliwa Uingereza mwaka 1086, kinamkuta Warenne na mali katika kaunti zaidi ya 10, kuanzia Lewes huko Sussex hadi Conisbrough huko Yorkshire, iliyokuwa ya Mfalme Harold. Lakini utamu uko Norfolk. Katika maelezo ya baadhi ya mashamba yake huko, karani ameongeza kwamba anayamiliki kwa badilishano la Lewes. Yaani eneo lake la Sussex lilimegwa kumpisha jirani mpya, naye akafidiwa upande wa pili wa nchi. Maneno machache tu, na mgawanyo mzima wa ardhi unajitokeza.

Mashamba mengine ya Norfolk yanatajwa kuwa yalitokana na mtu aitwaye Frederick. Huyu aliuawa na Hereward, kiongozi wa waasi, na mali yake ikaangukia kwa Warenne. Kwa nini yeye? Wanahistoria wengi wanajibu kwamba Frederick alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Gundrada. Mirathi ndiyo inayotuonyesha undugu huo.

Na hapo tunafika kwa Gundrada mwenyewe. Watawa wa Lewes, ambao monasteri yao ilianzishwa na mume na mke hawa, walikuwa na hati inayomwita Malkia Matilda, mke wa William Mshindi, mama yake. Kwa hiyo vizazi vingi viliamini kuwa alikuwa binti wa William Mshindi. Hati hiyo ina kasoro, na wataalamu wanaiona kuwa ya kughushi. Monasteri yenye damu ya kifalme kwa mwanzilishi wake haikosi faida.

Ushahidi mwingine unakwenda kinyume. Orderic Vitalis, mtawa aliyeandika Normandy mwanzoni mwa karne ya 12, anasema Gundrada alikuwa dada wa Gerbod, Mflemi aliyepewa Chester. Kuna pia barua ya Askofu Mkuu Anselm kwa Mfalme Henry wa Kwanza, mwana wa William Mshindi. Henry alitaka kumwoza binti yake kwa mwana wa Gundrada. Anselm akakataza kwa sababu ya undugu, akihesabu vizazi vinne upande mmoja na sita upande mwingine. Kama Gundrada angekuwa dada yake Henry, vijana hao wangekuwa mabinamu kabisa, na Anselm asingehitaji kuhesabu hadi sita. Kwangu mimi, barua hii peke yake inatosha kufunga kesi.

Jiwe la kaburi la Gundrada lilipatikana mwaka 1774 katika kanisa la Isfield, likiwa limewekwa kwenye kaburi la mtu mwingine. Maandishi yake yanamtaja kuwa mzao wa maduke. Waliotetea nasaba ya kifalme walilishangilia, maana William Mshindi naye alikuwa duke. Lakini jiwe lilichongwa katika karne ya 12, wakati kila mtu Uingereza alimjua William kama mfalme, na fundi hakuchonga neno mfalme.