KWALE WA UDZUNGWA

Nataka kuwaelezeni habari za ndege mmoja wa milima yetu, kwale wa Udzungwa.

Wengi wetu twawajua kwale. Ni ndege wa jamii ya kuku. Hukaa chini, hupenda kukimbia kuliko kuruka, na nyama yao ni tamu. Nilipokuwa mdogo huko kwetu Kilolo, mkoa wa Iringa, nilikuwa hodari wa kuwatega. Tulisimamisha vijiti mfano wa ua mfupi, tukaacha mlango mwembamba, na mlangoni tukaweka tanzi. Kwale haruki ua. Hutafuta mlango, na hapo hunaswa.

Lakini kwale ninayemweleza si yule wa mashambani. Makao yake ni msitu mnene wa milimani, tangu mita 1,300 hivi kwenda juu. Urefu wake ni sentimita 29 hivi. Mdomo wake ni mwekundu, miguu ya manjano, uso wa rangi ya kutu, na kifua ni cha kijivu chenye madoa meusi. Chakula chake ni mbegu na wadudu awapatao chini ya miti.

Ajabu ni namna wataalamu walivyopata kumjua. Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika misitu ya Udzungwa. Wakaona ndani ya sufuria miguu miwili ya ndege, nayo haikufanana na ya ndege yeyote waliyemjua. Basi kwale huyu alipoanza kujulikana duniani, alikuwa amekwisha pikwa! Baadaye wakamwona mzima, na mwaka 1994 akapewa jina la kitaalamu, Xenoperdix udzungwensis. Jambo jingine la ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu hawafanani na kwale wetu wa mashambani, bali ni kwale wa misitu ya milima ya Asia. Yuko mwenzake mmoja tu Afrika, naye yuko katika milima ya Rubeho.

Sasa tufanye hesabu. Kwale wa mashambani wameenea mahali pengi. Akinaswa mmoja leo, wako wengine ng'ambo ya mto. Kwale wa Udzungwa hana ng'ambo. Yuko katika misitu michache tu, kama Ndundulu na Nyumbanitu, na akiisha huko ameisha ulimwenguni. Ndiyo sababu ameandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Adui zake ni mitego, ukataji wa miti na moto.

Mwaka 1992 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu imo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero. Ni jambo jema, lakini askari wa hifadhi hawezi kusimama penye kila mti, wala tanzi halijui kuchagua kwale huyu na yule.

Likizo iliyopita mdogo wangu alinionyesha kwa furaha mitego yake saba ukingoni mwa msitu. Nikamwambia aing'oe. Akaniuliza, "Kaka, mbona wewe ulitega, na nyama tulikula sote?" Sikuwa na jibu ila kwamba nilikuwa sijui. Tukaing'oa pamoja, naye alinuna mpaka jioni. Kesho yake nikaomba kwa shangazi mtetea mmoja, nikampa amfuge.

Wazazi wetu, watoto hutega kwa sababu wanataka kitoweo, wala si kwa ubaya. Tukiwafundisha kufuga kuku, watapata kitoweo, na kwale wa Udzungwa atabaki msituni kwake. Nasi wanafunzi tuliokwisha kujua, hatuna udhuru tena.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu