Gemu za kuuana hazimgeuzi mtoto muuaji. Kasoro ya vibanda iko kwingine

Shule zikifungwa, maswali yanayoifikia safu hii hubadilika. Wazazi wa Nyeri, Karatina na Kerugoya huacha kuuliza habari za minyoo na mafua, wakageukia vibanda vya gemu. Mtoto anashinda huko tangu asubuhi. Je, hizo gemu za kuuana hazitamfanya muuaji? Ni kweli zinaozesha ubongo? Mbona serikali haizipigi marufuku? Mmoja aliuliza, na wala hakuwa akitania, kama kuna dawa ya kumpa mtoto ili aziache.

Dawa hakuna. Yule anayesimama karibu na steji na kipaza sauti akinadi unga wa mizizi wa kusafisha ubongo anauza unga.

Kuhusu marufuku, si kwamba serikali haijajaribu. Kenya inatumia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, ya mwaka wa 1963, miaka tisa kabla ya gemu ya Pong kuingia kwenye mabaa ya Marekani na kuikuza biashara ya gemu za video za sarafu. Kwa sheria hiyo, Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) hupanga kazi za picha kwa umri. GE ni ya kila mtu, PG ni ya mtoto aliye na mtu mzima wa kumwelekeza, kisha 16, kisha 18, na kinachopita hapo hakionyeshwi kabisa. Wakati wa Ezekiel Mutua, aliyeiongoza bodi kuanzia 2015 hadi 2021, hilo la mwisho lilitumika kwa bashasha. Juni 2017 ilikuwa zamu ya katuni sita, Adventure Time ikiwemo. Aprili 2018 ikawa filamu ya Rafiki.

Gemu nazo hazikusahauliwa. Mei 2017, baada ya kifo cha kijana mmoja jijini Nairobi kuhusishwa na mchezo uitwao Blue Whale, yaani nyangumi wa buluu, bodi ilitangaza kuupiga marufuku. Shida ni kwamba hapakuwa na kitu cha kupigwa marufuku. Blue Whale haikuwa programu ya kupakua. Haikuwa na kampuni wala diski. Ilitokana na makala ya gazeti la Urusi, Novaya Gazeta, ya Mei 2016, iliyodai kwamba makundi ya mtandaoni yanawasukuma vijana wajiue. Mtu mmoja alifungwa huko Urusi mwaka wa 2017 kwa kuwachochea wasichana wadogo, lakini ule mchezo wenye hatua 50 uliosemekana kuua mamia haujawahi kuthibitishwa. Hapa kwetu wazazi wakakagua simu wakimtafuta nyangumi, badala ya kuuliza mtoto analala vipi, anakula vipi, na ameacha tangu lini kuongea na rafiki zake.

Watu wa Nyeri, kuliko wote, wangepaswa kuwa wagumu kuamini hadithi za aina hii. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, na mwenyekiti wake alikuwa askofu mkuu wa hapahapa, Nicodemus Kirima. Ripoti ilitolewa hadharani mwaka wa 1999. Mwezi Mei mwaka huohuo, wanafunzi wa Nyeri High waliwafungia viranja wanne chumbani walimolala, wakawasha moto, na wote wanne wakafa. Ni gemu gani iliyowafundisha? PlayStation 2 ilikuwa haijauzwa hata huko Japani. Tukio kama hilo likitokea leo, kabla ya taarifa ya saa saba mtu atakuwa amekwisha kuitaja gemu ya GTA redioni.

Basi sayansi inasema nini? Hapa msomaji avumilie kidogo, kwa sababu utamu wa jambo hili haumo katika majibu bali katika namna ukali unavyopimwa.

Mtafiti anayetaka kujua kama gemu inamfanya mtu mkali hawezi kumpa mtu kisu na kumsubiri nje ya maabara. Anahitaji ukali mdogo, salama, unaohesabika. Ndipo wanasaikolojia wakabuni mtihani wa kelele. Unaketishwa mbele ya kompyuta, unavalishwa vipokea sauti masikioni, unaambiwa kuna mwenzako chumba cha pili. Ishara ikitokea, mnashindana nani atabonyeza kitufe upesi. Anayeshindwa anapigwa na mlipuko wa kelele masikioni. Kabla ya kila raundi unachagua mwenyewe: mwenzako akishindwa, apigwe kelele ya ukubwa gani na kwa muda gani? Ukiichagua kubwa na ndefu, unaandikiwa ukali mwingi. Mwenzako, bila shaka, hayupo. Ni kompyuta, na raundi utakazoshinda na utakazoshindwa zilipangwa kabla hujaingia mlangoni.

Mwaka wa 2000 Craig Anderson na Karen Dill, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio lililonukuliwa kila mahali. Wanafunzi wa chuo walicheza ama Wolfenstein 3D, gemu ya kufyatua risasi, ama Myst, gemu ya mafumbo ambamo mtu hutembea kisiwani bila kumuua yeyote. Baadaye wakafanyiwa mtihani wa kelele. Wale wa Wolfenstein walibonyeza kwa muda mrefu zaidi kidogo, kwa tofauti ya sehemu ndogo sana ya sekunde, tena pale tu walipokuwa wametoka kushindwa. Katika ukubwa wa kelele hapakuwa na tofauti ya kutajika. Sehemu hiyo ya sekunde imesafiri hadi kwenye mimbari za Mlima Kenya ikiwa imevaa jina la "utafiti umethibitisha".

Na sasa kiini chenyewe. Kati ya namba zote zinazotoka kwenye mtihani huo, ukali ni upi? Ukubwa wa kelele, au urefu wake? Au uzidishe moja kwa nyingine? Uchukue raundi ya kwanza pekee, kabla mtu hajachokozwa, au wastani wa raundi zote 25? Malte Elson, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliketi akahesabu. Katika machapisho 130 yaliyotumia mtihani huu, alikuta njia zaidi ya 150 tofauti za kukokotoa matokeo. Njia ni nyingi kuliko tafiti zenyewe! Pamoja na wenzake alichukua data zilezile akazikokotoa kwa njia mbalimbali, na jibu likawa linageuka kulingana na njia iliyochaguliwa. Mwenye nia ya kuona gemu zinaleta ukali ataona. Mwenye nia ya kutouona naye hatakosa.

Ndiyo maana miaka ya karibuni watafiti makini huandika na kusajili hesabu zao kabla ya kuona data. Mwaka wa 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walifanya hivyo nchini Uingereza kwa vijana 1,004 wa miaka 14 na 15. Hawakumwachia kijana aseme mwenyewe kama gemu yake ni ya kuuana. Walitumia madaraja rasmi ya umri. Tabia ya kijana nayo waliiuliza kwa mzazi. Uhusiano haukuonekana. Mwaka huohuo watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Simone Kühn walichapisha jaribio ambamo watu wazima walicheza GTA V kila siku kwa miezi miwili, wengine The Sims 3, na wengine hawakucheza kitu. Waliwapima ukali, huruma na mihemko. GTA haikuwaharibu.

Kwa haki, upo upande wa pili. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilirejelea msimamo wake mwaka wa 2020 kikisema kuna uhusiano mdogo kati ya gemu za ukatili na mambo kama kufoka na kusukumana. Lakini taarifa hiyohiyo ilisema ushahidi hautoshi kuzihusisha na mauaji au uhalifu, na kwamba kuzilaumu gemu kwa uhalifu kunapotosha watu wasione vyanzo halisi.

Jaribio linalowafaa zaidi wazazi wa hapa lilifanyika Canada. Paul Adachi na Teena Willoughby waliona kosa lililokuwa likipita kimyakimya: Wolfenstein na Myst hazitofautiani kwa damu tu. Moja ni ya mbio na ushindani, nyingine ni ya kutembea taratibu. Mwaka wa 2011 wakachagua gemu zilizolingana kwa kasi na ushindani, moja ya mapanga, nyingine ya mbio za magari. Badala ya kelele walitumia pilipili: mchezaji anamchanganyia mtu asiyependa vitu vikali mchuzi wa pilipili, akijua lazima auonje. Kati ya damu na magari hapakuwa na tofauti. Walipopanga upya kwa ushindani, gemu zenye ushindani mkali ndizo zilizoongeza pilipili, ziwe za damu au zisiwe.

Twende sasa vibandani. Chumba cha mabati chenye skrini mbili tatu, benchi, vijana wakipokezana pedi, na mashine zilizochipwa ili zicheze nakala bila diski. Anayefungwa ndiye anayelipa. Kelele zinazosikika hadi barabarani, mara nyingi, hazitoki kwa anayefyatua risasi kwenye GTA. Zinatoka kwa waliofungwa bao dakika ya 89 katika gemu ya kandanda, hasa kama kuna hela zimewekwa juu ya meza. Gemu hiyo ya kandanda, katika mfumo wa PEGI unaotumika Ulaya, imekuwa ikipewa namba 3. Yaani inamfaa mtoto wa miaka mitatu.

Kwa damu, ni kweli inamfaa. Ila madaraja haya yalizaliwa yakiitazama damu. Mfumo wa Marekani, ESRB, ulianza 1994 baada ya maseneta kutishwa na Mortal Kombat, na PEGI ikafuata 2003. Ushindani wa pesa haumo. Hata zile pakiti za wachezaji zinazonunuliwa bila kujua kilichomo, ambazo kwa utaratibu wake hazina tofauti kubwa na kamari, zilichukua miaka mingi kuangaliwa. Ubelgiji ilizihesabu kuwa kamari haramu mwaka wa 2018, na Australia ikazipandisha daraja Septemba 2024. Nakala ya kibandani isiyo na intaneti humwepusha mtoto na pakiti hizo. Simu ya mama yenye M-Pesa haimwepushi.

Na kibandiko chenyewe nani anakiona? Kiko kwenye jalada la diski, na jalada halijawahi kufika mtaa wa Ruring'u. Hata kingefika, watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka wa 2009 kwamba watoto walioonyeshwa maelezo ya gemu zilezile zikiwa na namba tofauti za umri walizitamani zaidi zile zilizowakataza, hata wale wa miaka saba na minane. Namba 18 kwa mtoto wa miaka kumi ni tangazo la biashara.

Saa za kucheza nazo zimejaribiwa kuwekewa sheria. Korea Kusini iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni usiku wa manane kuanzia 2011, ikaifuta sheria hiyo ilipofika 2022. China iliweka mipaka mwaka wa 2019, na watafiti walipochambua saa zaidi ya bilioni saba za uchezaji hawakuona dalili kwamba wachezaji sugu walipungua. Nchi zenye mitambo ya namna hiyo zimeshindwa. Sijui askari wa mtaa wa Majengo atatumia nini.

Kuhusu uraibu, kwa ufupi, maana kila mchungaji sasa ana neno "dopamini". Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa huo tangu Januari 2022, lakini mtu awe ameshindwa kujizuia, maisha yake yameharibika, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12. Likizo ya Agosti si miezi 12.

Ya kufanya ni haya. Jua kibanda na mmiliki wake. Mkatazeni asiruhusu dau la pesa wala kucheza usiku. Usingizi uliokatwa humharibu mtoto kuliko panga la kwenye skrini. Gemu za 18 za ubakaji na mateso mtoto mdogo asizione, si kwa sababu ataua bali kwa sababu zinatisha, na hilo linatosha. Nenosiri la M-Pesa libaki lako. Mtoto aliyejifungia, asiyekula, anayezungumzia kufa, pigeni 116, simu ya bure ya watoto, msimpeleke kutolewa pepo.

Limebaki swali la kifafa, ambalo huja kila likizo. Gemu haileti kifafa kwa asiye nacho, wala hakiambukizwi kwa kushika pedi ya mgonjwa. Chanzo kimoja kinachofaa kuogopwa ni tegu wa nguruwe anayeingia ubongoni kwa uchafu wa choo na mikono. Ila katika kila watu 100 wenye kifafa, kama 3 hushtuliwa na mwanga unaomweka upesi. Desemba 16, 1997, kipindi kimoja cha Pokémon kilimulika rangi nyekundu na buluu mara 12 hivi kwa sekunde, na watoto wapatao 685 wa Japani wakapelekwa hospitalini. Mtoto aliyewahi kuanguka na kutetemeka aonwe na daktari hospitali ya rufaa ya kaunti. Akithibitika kuwa wa kundi hilo, akae mbali na skrini, chumba kiwe na taa, na mwanga ukianza kumweka azibe jicho moja kwa kiganja. Asiyafumbe yote mawili, kwa maana mwanga unaopenya kwenye kope unaweza kumwangusha vilevile.