Kupambanua Sababu za Vifo vya Watoto Wachanga

Mtoto anapozaliwa mfu, au anapofariki katika siku za mwanzo za uhai wake, watu wa nyumbani aghalabu hulipokea jambo hilo kwa kusema kuwa ni amri ya Mungu. Na maneno hayo yana faraja kubwa kwa mama aliyebeba mimba miezi tisa kisha akarudi mikono mitupu. Lakini kuridhia kadari hakumkatazi mja kutafuta sababu, kwani dawa haipatikani mpaka ugonjwa ujulikane.

Kila mwaka, duniani kote, watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wafu baada ya mimba kutimiza majuma 28, na wengine zaidi ya milioni 2 hufa kabla ya kutimiza siku 28 za uhai. Lau vifo vyote hivi vingeandikwa daftarini kwa neno moja tu la kufariki, hapana hospitali wala serikali ambayo ingejua pa kuanzia kazi. Na kwa ajili hiyo matabibu wamejitahidi, kwa miaka mingi, kuvipanga mafungu mafungu.

Mwaka 1954, Dugald Baird na wenziwe wa Aberdeen, Uskochi, walivipanga kwa kuuliza ni hitilafu gani ya mimba au ya uzazi iliyoanzisha mkasa, kama vile mama kutokwa na damu au mtoto kukwama njiani. Mwaka 1980, Jonathan Wigglesworth wa London akaleta mpango mwepesi zaidi, unaoweza kutumika hata pasipo kupasua maiti, wenye mafungu matano: aliyekufa tumboni kabla ya uchungu na ngozi yake ikawa imeanza kubabuka, mwenye kilema cha maumbile, njiti asiyeweza kuhimili maisha ya nje, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, na aliyekufa kwa sababu nyingine mahsusi, yakiwamo baadhi ya maambukizo.

Mafungu haya si mapambo ya daftari, kwani kila moja lina mahali linapotuelekeza. Mtoto mfu aliyetimia uzito, ambaye ngozi yake ingali imara, aghalabu alikuwa hai uchungu ulipoanza, na hivyo yatupasa kuuliza kama mapigo ya moyo wake yalisikilizwa, na kama mama aliyehitaji kupasuliwa alipasuliwa kwa wakati. Ilhali yule aliyebabuka ngozi huturudisha nyuma hadi kliniki ya waja wazito, tukaulize habari za shinikizo la damu, za malaria, na za kaswende, ambayo hutibika kwa penisilini. Zaidi ya watoto 40 katika kila 100 wanaozaliwa wafu hufa uchungu ukiwa umekwisha anza, na wengi wao wangaliweza kuokolewa.

Hata hivyo mpango wa Wigglesworth ulikuwa na upungufu wake, maana uliwaacha wengi bila sababu bayana. Matabibu wa Birmingham walipowachunguza watoto waliozaliwa wafu, mwaka 2005, kwa mpango wao mpya, wale waliohesabiwa kuwa hawana sababu walishuka kutoka thuluthi mbili ya wote hadi asilimia 15 hivi, kwa kuwa wengi walionekana walikuwa wamedumaa tumboni. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2016, likatoa utaratibu unaotaka yaandikwe mambo matatu pamoja: wakati wa kifo, yaliyompata mtoto, na hali ya mama; na ubora wake mkubwa ndio huo, kwamba mama hasahauliwi, madhali kifafa cha mimba au kutokwa na damu kwake ndiko mara nyingi kulikomponza mwanawe.

Lakini utaratibu wowote hauna nguvu pasipo ukweli wa mwenye kuandika. Mkunga anayejua kwamba daftari litageuzwa hati ya mashitaka atashawishika kuandika lile lisilomdhuru, na hapo hesabu za taifa zima huharibika. Kwa hiyo wakuu wa hospitali wawaketishe watumishi wao kuvijadili vifo hivi kwa insafu, wakitafuta kilichopungua, iwe damu, gari au mtu wa zamu, kabla ya kutafuta wa kulaumiwa. Wazazi nao wana haki ya kuuliza na kuelezwa, kwani mama aliyejulishwa kilichomuua mwanawe ataweza, atakapobeba mimba nyingine, kupimwa, kutibiwa na kuchaguliwa mahali salama pa kujifungulia.