Uchovu, Mrama wa Chombo na Utendaji wa Baharia: Ufafanuzi kwa Kulinganisha na Madereva wa Njia ya Tunduma

Makala haya yanafafanua namna uchovu na mwendo wa chombo unavyopunguza uwezo wa baharia kutenda kazi, kisha yanalinganisha hali hiyo na ya madereva wa malori wanaopita Vwawa kuelekea mpaka wa Tunduma. Hoja kuu ni kwamba saa za mapumziko zilizoandikwa daftarini si lazima ziwe saa za usingizi.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unaweka kiwango cha mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Kiwango hicho hupima muda tu. Aliyelala chombo kikienda mrama hukaza misuli ili asibingirike, na usingizi wake hukatikakatika. Akishika zamu, mkono unaopaswa kuandika au kugeuza usukani hutafuta kwanza pa kujishikiza.

Kichefuchefu hutokana na mgongano wa taarifa: sikio la ndani huhisi mwendo, ilhali macho huona kuta za chumba zimetulia. Mwendo wa kupanda na kushuka unaokaribia mzunguko mmoja kwa sekunde 5 ndio unaolewesha zaidi. Usingizi nao hudai haki yake hasa kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri. Hayo yakikutana, umakini hupotea kabla ya nguvu. Meli ya mafuta Exxon Valdez ilipopanda mwamba huko Alaska usiku wa Machi 1989, wachunguzi wa Marekani walitaja uchovu wa ofisa wa zamu miongoni mwa sababu.

Lori hutikisa kwa kasi zaidi. Mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde huusumbua uti wa mgongo. Hailewishi, bali huchosha. Hata hivyo, foleni ya Tunduma hutenda kazi ya mawimbi: gari la mbele likisogea, dereva aliyesinzia hana budi kuamka na kusogea. Kwa hesabu ya muda amepumzika. Kwa hesabu ya mwili yuko kazini.

Kwa hiyo, ukaguzi wa saa pekee haujitoshelezi. Melini, daftari la safari huonyesha hali ya bahari. Likisomwa sambamba na daftari la mapumziko, mkaguzi ataweza kutambua ni saa zipi zilizoweza kweli kumpumzisha baharia.